Mjane wa Marekani Tuliyemtafuta Juba

Swali lilitoka kwa msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, mmoja wa wale ambao muhula mzima unaweza kupita hujasikia sauti yao. Nilikuwa ubaoni nikieleza jinsi Wamarekani walivyopigana na mfalme wa Uingereza mpaka wakajitawala, na darasa lilikuwa likinakili kwa uvivu wa kipindi cha mwisho. Akanyoosha mkono. Alitaka kujua wale askari waliokufa, wake zao walikwenda wapi.

Nikamwambia hilo halimo kitabuni. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja kwa shule nzima, tena kurasa za katikati zilishang'oka. Wenzake wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Alibaki ananitazama akisubiri, kana kwamba jibu ninalo ila nimeamua kulificha. Nikasema basi, nitatafuta.

Sikusema hivyo ili kumnyamazisha. Baba yangu alikufa akiwa askari katika vita vyetu wenyewe, mimi nikiwa bado sijaanza kukumbuka mambo. Mama alinilea kambini Uganda, na tuliporudi Juba nilikuwa msichana mkubwa. Kwa hiyo upande mmoja wa swali lile niliujua vizuri sana. Upande wa Wamarekani sikuujua kabisa, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mtu angeweza kuuangalia.

Shule yetu ya mtaa wa New Site ina intaneti kwenye chumba cha walimu, na baada ya masomo, wengine wakishaondoka, huwa na nguvu kidogo. Nikakaa pale alasiri ile na simu yangu. Nilichopata kwanza kilinikatisha tamaa. Tovuti moja ilikuwa inauza insha zilizokwisha kuandikwa, kwa wanafunzi wavivu. Nyingine ilijaa maswali ya chemshabongo. Nyingine ilinionyesha mstari wa kwanza wa barua ya zamani, halafu ikafunika sehemu iliyobaki kwa ukungu na kunitaka niweke namba ya kadi ya benki. Mimi kadi ya benki ya namna hiyo sina. Na kila nilipogusa picha, wakatokea wanaume walewale wa noti zao, na nywele zao nyeupe za bandia.

Siku ya tatu au ya nne ndipo nikagundua kosa langu. Nilikuwa nauliza kama mwanafunzi anavyouliza: wanawake waliishije baada ya vita. Lakini karatasi ya zamani haijui kwamba siku moja itaulizwa hivyo. Karatasi inajua maneno yake yenyewe. Nikaacha kuuliza, nikaanza kuandika maneno ambayo karani wa zama zile angeyaandika juu ya faili: mjane wa askari, ombi, mahakama ya wilaya, kiapo. Hapo mlango ukafunguka.

Ikawa kwamba miaka mingi baada ya vita vile, wapiganaji wakiwa wazee na wengi wao mafukara, serikali yao ilikubali kuwapa pensheni, na baadaye ikawakumbuka wajane. Tatizo ni kwamba wengi hawakuwa na hati yoyote. Nyumba zilikuwa zimeungua, makapteni walikuwa wamekufa, vyeti vya kuachishwa jeshi vilikuwa vimeliwa na panya. Basi mtu alikwenda mbele ya hakimu, akaapa, akasimulia kwa mdomo alichokumbuka, na karani akaandika. Maandishi yale yamehifadhiwa na serikali yao, na siku hizi yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa mtandaoni, bure. Zaidi ya hapo kuna watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu kwa nilivyoelewa, ambao wamekaa miaka wakiyasoma yale maandishi ya mkono na kuyapiga chapa upya ili sisi wengine tuyaelewe. Sijui kama watu hao wanajua kwamba kuna mtu anawashukuru akiwa Juba.

Nilikuwa napakua kurasa chache shuleni, kisha nazisoma nyumbani jioni jua likiwa bado lipo. Nyumbani tuna rakuba, kile kibanda cha matete na nguzo ambacho kila ua wa Juba unacho, na mama huketi hapo akichambua maharage au akipepeta simsim. Mwanzoni nilisoma kimoyomoyo. Maandishi yale yalinisumbua. Herufi ya s waliiandika ndefu kama f, na ilinichukua muda kuzoea. Nilikuwa nikikutana na maneno yasiyomo katika kamusi yoyote, nayatamka peke yangu, mpaka mama akaniuliza ni lugha gani hiyo ninayohangaika nayo.

Nikamweleza. Akasikiliza bila kuacha kazi yake. Nilipofika kwa mwanamke mmoja aliyechana ukurasa wa Biblia ya nyumbani kwake, ule walioandika ndoa yao na kuzaliwa kwa watoto, akaupeleka serikalini kuwa ushahidi, mikono ya mama ikasimama.

"Alichana Biblia?"

Nikamwonyesha picha ya ukurasa kwenye simu. Majina ya watoto yalikuwa yamepangwa kwa wino tofauti tofauti, na pembeni pana doa, labda la nta ya mshumaa, labda la chakula. Mama aliitazama kwa muda mrefu kwa mtu asiyesoma Kiingereza. Akasema mwanamke huyo lazima alilia alipokuwa akiichana. Halafu akaniambia nisome wengine.

Ndivyo tulivyoanza. Jumapili tulikuwa watatu, kwa sababu rafiki wa mama huja kututembelea baada ya misa ya kanisa la Kator. Yeye ni Mganda wa upande wa Moyo, mji wa kaskazini kwao, anauza njugu na simsim pale soko la Custom, na urafiki wake na mama ni wa tangu kambini, maana nyumba ya wazazi wake ilikuwa karibu na kambi yetu. Mimi humwita mama mkubwa. Kwa ajili yake nilitafsiri kwa Kiswahili, ambacho ndicho wanachoongea wao wawili, mama akikichanganya na Kiarabu cha Juba, na mama mkubwa akikisema kwa namna ya watu wa sokoni kwao.

Katika wote tuliowasoma, mmoja ndiye aliyetushika. Alikuwa mwanamke mzee wa kijiji cha milimani. Mumewe alikuwa askari wa miguu, alirudi kutoka vitani na vidole vya mguu vilivyokufa kwa baridi, akalima shamba la mawe miaka mingi, kisha akafa. Mjane akaenda mahakamani, nadhani alipandishwa kwenye mkokoteni wa jirani, akasimulia. Alisema walifungishwa ndoa nyumbani kwa baba yake na mhubiri wa kusafiri ambaye hakuacha kitabu chochote cha kumbukumbu za ndoa. Alisema walikuwa na Biblia lakini iliungua pamoja na nyumba. Alisema hajui kuandika, na chini ya maneno yake kuna alama ya msalaba wenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Kisha ukafuata mwandiko wa mtu wa ofisini: ushahidi wa ndoa hautoshi. Picha zilizobaki zilikuwa migongo ya karatasi tu.

"Akafanyaje?" mama akauliza.

Nikamwambia faili limeishia hapo.

"Faili limeishia hapo," akasema mama. "Yeye hakuishia hapo. Aliamka kesho yake."

Mama mkubwa akasema kwa upole kwamba pengine alikufa, kwamba wazee hufa wakingoja. Mama alipokuwa akimsindikiza rafiki yake barabarani nilimsikia bado anamzungumzia yule mjane, kama mtu wa mtaa wa pili ambaye jambo lake halijakwisha.

Nieleze hapa jambo la mama. Yeye hakuwahi kwenda ofisi yoyote kuhusu baba. Niliwahi kumuuliza, nilipokuwa chuoni na nimejaa maneno ya haki, kwa nini asiende kudai jina la baba liandikwe miongoni mwa waliokufa. Akaniambia, "Niende na nini?" Cheti kidogo alichopewa na katekista siku ya ndoa kilipotelea njiani katika moja ya safari zetu. Picha ya baba iko moja, amevaa sare, uso mkavu, macho kwa mpiga picha. Mengine niliyojua juu yake yalikuwa machache: alikuwa mkali, hakuwa mtu wa maneno mengi, na walioana kambini. Mama alikuwa akisema, "Tulioana kambini, kalas," na ile kalas yake ilikuwa na maana ya kwamba hapo ndipo mwisho, usiulize zaidi. Nilikua nikiamini kwamba hakukuwa na zaidi.

Basi nikarudi kumtafuta mjane wa Marekani. Sitadanganya, kwa sehemu nilifanya hivyo kwa ajili ya mama, kwa sababu kila nilipoingia uani aliniuliza kama nimempata. Nilitafuta magazeti ya zamani ya mkoa ule, na yaliyokuwa wazi yalitangaza mbegu, farasi waliopotea na watumwa waliotoroka. Matangazo hayo ya mwisho niliyasoma siku nzima, nikasahau nilichokuwa nikitafuta, na sikumsomea mama. Nilitafuta vitabu vya kanisa. Nilipata orodha za makaburi zilizoandikwa na watu wanaotembea na kusafisha mawe. Mumewe nilimwona katika orodha ya kodi, ana ng'ombe mmoja. Mjane mwenyewe hayumo popote, maana mke hakuwa mtu wa kuandikwa.

Mwishoni nikaiandikia maktaba moja ndogo ya historia ya wilaya ile. Niliandika barua pepe kwa Kiingereza changu bora kabisa, nikaeleza kwamba mimi ni mwalimu, niko Juba, na kwamba mama yangu anataka kujua kama mjane fulani alikubaliwa. Baada ya kuituma niliona aibu. Nilifikiri watadhani ni utapeli, au mzaha.

Jibu lilikuja kabla juma halijaisha. Mkutubi alikuwa mwanamke, na kwa jinsi alivyoandika nilihisi ni mtu mzima. Hakuuliza kwa nini mtu wa Juba anajali. Alisema tu kwamba anafurahi kuna anayemuuliza huyo bibi, kisha akanifundisha. Makarani wa zamani, alisema, waliandika majina kama walivyoyasikia. Mtu mmoja angeweza kuwa na majina mawili au matatu kwa sababu kila karani alikuwa na sikio lake. Nijaribu kulitamka jina la mume kwa sauti, kwa haraka, kama mkulima wa milimani ambaye hana meno, kisha niandike nilichosikia. Akanitumia mifano ya jinsi herufi zilivyokuwa zikibadilishana.

Nilipomtafsiria mama ushauri huo, alicheka. Akasema kambini yeye alikuwa watu wawili: kwenye kadi ya chakula jina lake liliandikwa hivi na kwenye kadi ya zahanati vile, na siku moja nusura wamnyime dawa kwa sababu ya herufi moja. "Mwambie mama huyo wa maktaba kwamba sisi tunajua," akasema. Nikaandika hivyo hivyo, nikamwambia mkutubi kwamba mama yangu anasema sisi tunajua.

Nikalitamka lile jina chumba cha walimu kikiwa kitupu. Nikaliandika vibaya kwa kila namna niliyoweza. Na namna moja, ya ovyo kuliko zote, ikaleta faili lingine. Wilaya ileile. Vidole vya mguu vilevile vilivyokufa kwa baridi. Mjane ni yuleyule, na chini ya maneno yake mapya upo ule msalaba, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alikuwa amerudi mahakamani. Nilifurahi kama mtu aliyeonana na ndugu kituo cha mabasi.

Sikusoma faili lote pale. Nilitaka tulisome pamoja, nikangoja Jumapili.

Siku hiyo mama mkubwa alikuja na njugu za kukaanga ndani ya kikombe cha plastiki, akaketi, akavua viatu. Mama akatoa chai. Nikaanza. Safari hii mjane hakuja peke yake. Alikuja na mwanamke mwingine, mzee kama yeye au karibu yake, aliyeapa kwamba alikuwepo kwenye harusi. Alikuwa msichana mdogo wakati ule, jirani. Alikumbuka kwamba mvua ilinyesha kutwa. Mhubiri alifika amelowa chapa chapa, akaazimwa koti la baba wa bibi harusi, na koti lile lilikuwa kubwa kiasi kwamba mikono yake haikuonekana, na watu walijizuia kucheka wakati wa sala wakashindwa. Alikumbuka walichokula. Alikumbuka bibi harusi alikuwa na utepe wa buluu ambao haukuwa wake. Na alipoulizwa anajuaje kwamba wale walikuwa mume na mke kweli, alisema aliwaona siku ile na akawaona siku zote zilizofuata.

Chini yake, mwandiko wa mtu wa ofisini: imekubaliwa.

Nilinyanyua macho. Nilitazamia mama afurahi, na alifurahi, alipiga makofi mara moja kimyakimya, akafunika mdomo. Akauliza kama yule mzee aliila pensheni yake hata mwaka mmoja. Nikasema hilo sikulipata. Akatikisa kichwa, akasema si kitu, alisikilizwa.

Mama mkubwa alikuwa amekiweka chini kikombe chake cha chai.

"Mimi pia ilikuwa huko," akasema.

"Huko wapi?" mama akauliza.

"Kwa harusi yako. Wewe iko nasahau? Mama yangu ilinituma nilete jogoo. Mimi ndiyo ilisaga ile simsim."

Mama akasema, "Wacha hayo." Lakini hakusema kalas, na mama mkubwa hakuacha. Alinigeukia mimi, si yeye, kama yule mzee wa mahakamani alivyomgeukia hakimu, akaanza kunisimulia.

Alisema baba alikuja kwa ruhusa fupi kutoka msituni, na hakuwa na shati isipokuwa la jeshi, na mtu hawezi kuingia kambini na shati la jeshi. Kwa hiyo aliazima shati la buluu la mwalimu mmoja. Katekista aliwafungisha ndoa chini ya turubai, na ngoma ilikuwa ni jerikeni. Watu walikuwa wengi. Ila walikuwa wamesahau jambo moja, au hawakuwa na namna ya kulikwepa: siku ile ilikuwa ya mgao wa chakula. Katikati ya sala kipaza sauti kikaita sehemu yetu ya kambi, na nusu ya wageni wakainuka, mmoja mmoja, wakiinama kwa heshima, wakaenda kupanga foleni. Katekista akaendelea kuwaombea waliobaki.

"Halafu wakaita namba ya mama yako," akasema mama mkubwa. "Bibi harusi hawezi kwenda. Akienda nani, kama si bwana yake?"

Baba akaenda. Alikwenda na kadi ya mke wake wa nusu saa, akapanga foleni na wanawake, akarudi na gunia la unga begani huku watu wakipiga vigelegele njia nzima, na lile shati la buluu la kuazima limekuwa jeupe kuanzia shingoni hadi kiunoni. Akaliweka gunia miguuni pa mama. Akasema mbele ya wote kwamba mahari ndiyo hiyo, mbuzi watafuata vita vikiisha. Na akacheka, alisema mama mkubwa. Alicheka mpaka unga ukawa unapukutika.

Nilimtazama mama. Nilidhani nitamwona analia. Alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Mwenye shati alikasirika siku tatu," akasema. "Na haikuwa jogoo. Ilikuwa tetea."

"Ilikuwa jogoo."

"Tetea. Lilikuwa na mayai ndani. Nilikula mimi, utaniambia?"

Walibishana juu ya kuku yule mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao na simu mkononi, na baba yangu, ambaye maisha yangu yote alikuwa mtu wa picha moja asiyetabasamu, alikuwa amesimama mbele yangu amejaa unga. Nikamuuliza mama kwa nini hakuwahi kuniambia. Alisema mwanzoni ilimuuma mno kusema, na baadaye alizoea kutosema, na mtu akizoea hivyo huja kudhani hakuna kitu. Halafu akasema labda alihitaji mtu mwingine aliyeona.

Juma lililofuata nilimjibu yule msichana wa dirishani. Nilileta kurasa kadhaa nilizozichapisha, zile za mjane wa milimani na nyingine za wanaume na wanawake tofauti, nikawagawia kwa makundi. Hawakusinzia. Walisoma zile s ndefu kwa sauti na kuchekana. Kundi moja lilipata mzee Mweusi aliyepigania nchi ile ilhali mwenyewe alikuwa mali ya mtu, na hakimu alimuuliza maswali mengi kuliko aliyoulizwa Mzungu wa ukurasa wa pili. Waligundua hilo wenyewe, mimi sikuwaonyesha. Msichana alisoma ya mjane polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, akakunja karatasi, akaniuliza kama anaweza kubaki nayo.

Nyumbani, mama ndiye aliyeleta neno la ofisi, ile inayoandika majina ya askari waliokufa. Alisema kama rafiki yake yuko tayari kusema aliyoyaona, yeye yuko tayari kwenda. Tulikwenda asubuhi moja, watatu. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana kuliko mimi. Alisema kwa uaminifu kwamba hawezi kutuahidi chochote, kwamba wanaokuja na mikono mitupu ni wengi, lakini atachukua maelezo. Mama mkubwa alisimulia kwa Kiswahili chake, nami nikatafsiri. Alipofika kwenye gunia la unga, yule kijana aliacha kuandika akamsikiliza tu, kisha akamwomba arudie ili asiache kitu. Jina la baba alimwomba mama alitamke mara mbili, akaliandika, akamgeuzia karatasi atazame kama liko sawa. Mama hasomi sana, lakini jina lile analijua. Akasema liko sawa.

Hatujapata jibu hadi leo. Tumerudi mara moja, tukaambiwa maelezo yapo na tungoje. Mama hangoji kama mtu anayeteseka. Tulipotoka siku ile ya kwanza, alisimama kwenye kivuli cha ukuta akafunga kitambaa chake upya, akasema amechoka na ana njaa, na tukala samaki pale njiani, yeye akanilipia.

Nilimwandikia mkutubi kwamba tulimpata mjane, na kwamba alikubaliwa. Nikamweleza na harusi ya wazazi wangu, kwa kirefu, pengine zaidi ya inavyopasa kumwandikia mtu usiyemjua. Alijibu kwamba alimsomea mumewe barua yangu mezani, na kwamba mumewe anasema ilikuwa tetea. Nilipomtafsiria mama, alitaka jibu lile lihifadhiwe.

Sasa mama mkubwa amerudi Moyo kwa muda, binti yake amejifungua pacha na hana msaidizi. Kibanda chake cha Custom anakiangalia jirani. Jumapili hupiga simu wakati uleule ambao angekuwa ameingia uani kwetu, na tunaiweka simu juu ya kiti chake, sauti imefunguliwa, ili naye asikie. Wiki hizi tunasoma habari za mwanamume aliyedai kupigana vita vyote na ambaye majirani zake wanane walikuja mahakamani kusema hakuwahi kutoka shambani kwake. Mtandao hukatika. Mimi nikishamaliza sentensi, mama huinama karibu na simu na kuirudia kwa maneno yake, akiongeza alichoona mwenyewe kinahitajika, na huko Moyo tunasikia watoto wachanga wakilia na mama mkubwa akisema, "Mimi iko nasikia. Endelea."